Umeme Uliozidi na Bei Isiyoshuka

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2023 Watanzania walikuwa katika mgao wa umeme, na upungufu uliotajwa na wenye mamlaka ulikuwa wa megawati zipatazo 400; mwezi Aprili 2024, kabla watu hawajaondoa mishumaa juu ya makabati, ikatangazwa kwamba vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa kuwa umeme umezidi mahitaji; na mwezi Machi 2025, ilhali mitambo ya mwisho ya Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, inaingizwa kazini, Rais Samia Suluhu Hassan akasema mkoani Kilimanjaro kwamba kanda ya kaskazini itapelekewa umeme wa kununuliwa Ethiopia, utakaopita Kenya. Habari hizi tatu, zilizofuatana katika muda usiotimia miaka miwili, zimewatia watu tashwishi isiyostahili kudharauliwa. Ikiwa umeme umezidi, kwa nini tununue wa wengine? Ikiwa maji ya Rufiji hayanunuliwi kwa dola, kwa nini uniti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, iuzwe bei ile ile? Na ikiwa nishati ndiyo msingi wa uchumi, kama tunavyokumbushwa kila mara majukwaani, kwa nini bei ya unga na ya nauli hazikupata habari kwamba bwawa limejaa?

Maswali haya aghalabu hujibiwa kwa ghadhabu upande mmoja na kwa majigambo upande wa pili, na baina ya hizo mbili hujja yenyewe hupotea. Yafaa tuanze mbali kidogo.

Mto mmoja na madeni mengi

Umeme wa maji wa nchi hii ulikua polepole. Hale, katika mto Pangani, ilikamilika mwaka 1964 ikiwa na megawati 21. Nyumba ya Mungu ikafuata mwaka 1968 na megawati 8. Kisha ikaja Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975 na kufika megawati 204. Mtera ikaongeza megawati 80 mwaka 1988, na Kihansi megawati 180 mnamo mwaka 2000. Mwenye kuitazama orodha hii kwa makini ataona kwamba Kidatu na Mtera, ambazo kwa miaka mingi zilibeba sehemu kubwa ya mzigo wa gridi, zote mbili zinategemea maji ya Ruaha Mkuu, nao ni mto ambao tangu miaka ya 1990 hukatika kabisa katika baadhi ya sehemu zake wakati wa kiangazi, kwa sababu maji yake ya juu, kule Usangu, yamekwisha gawiwa mashamba na mifugo. Nchi ilikuwa imeweka amana yake yote katika mfuko mmoja, na mfuko huo ulikuwa umetoboka.

Kwa hiyo kila ukame ulizaa mgao, na kila mgao ulizaa mkataba wa haraka. Mwaka 1995 ulitiwa saini mkataba wa IPTL, mtambo wa megawati 100 wa Tegeta uliochoma mafuta mazito, ambao Shirika la Umeme, TANESCO, lilifungwa kuulipia gharama ya kuwepo kwake, ukizalisha usizalishe. Mashauri yake yakaenda hadi kwenye usuluhishi wa kimataifa, na kuchotwa kwa fedha za mgogoro huo zilizowekwa katika akaunti ya Escrow kukalitikisa Bunge mwaka 2014. Ukame wa mwaka 2006 nao ulileta mkataba wa mitambo ya dharura ya Richmond, uliomalizikia kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008. Siasa za mambo haya zimeandikwa sana. Lililoandikwa kidogo ni kwamba hasara ile haikutokana na tamaa ya watu peke yake. Ilitokana pia na ukweli kwamba anunuaye akiwa gizani hana nguvu ya kupatana bei, na muuzaji yeyote duniani anafahamu hivyo.

Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini ya ardhi miaka thelathini kabla ya kufikishwa Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004. Bomba la pili, la Mtwara hadi Dar es Salaam, likakamilika mwaka 2015 kwa mkopo wa China. Halafu likaja bwawa la Rufiji, ndilo lile la Julius Nyerere, lililokuwa likifikiriwa tangu zamani, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2018 na makampuni mawili ya Misri kwa gharama ya shilingi trilioni 6.5: mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, katika nchi ambayo mahitaji yake ya juu kabisa, mwanzoni mwa mwaka 2025, yalikuwa bado hayajafika megawati 2,000. Bwawa moja, basi, liliweza peke yake kuzidi haja ya taifa zima. Hapo ndipo matumaini ya kushuka kwa bei yalipozaliwa, na hapo ndipo yalipokosea njia.

Njia mbili za nishati kuingia sokoni

Nishati huingia katika bei ya vitu kwa njia mbili zisizofanana, na sehemu kubwa ya tashwishi iliyopo hutokana na kuzichanganya.

Njia ya kwanza ni dizeli. Gunia la mahindi litokalo Sumbawanga hadi Dar es Salaam hulimwa na trekta la dizeli, hubebwa na lori la dizeli, na huko vitongojini kusikofika umeme husagwa na mashine ya dizeli. Mvuvi wa Kilwa hali kadhalika hununua mafuta kabla ya kununua barafu. Bei ya mafuta ikipanda duniani, au shilingi ikishuka thamani mbele ya dola, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, na haichukui muda mrefu mfanyabiashara wa sokoni amekwisha kuiongeza katika hesabu yake. Walakini bei ikishuka, hesabu hiyo hairudi nyuma kwa kasi ile ile: nauli iliyokwisha kupandishwa hutetewa kwa matairi, kwa vipuri, na kwa mkopo wa gari, mpaka msafiri achoke kuuliza.

Njia ya pili ni umeme, na hapa mambo yamekaa kinyume kabisa. Bei ya umeme Tanzania haijapanda tangu mwaka 2016. EWURA iliidhinisha ongezeko la asilimia 8.5 lianze Januari 2017, serikali ikalizuia siku ile ile lililopaswa kuanza, na tangu hapo mteja wa kawaida amebaki akilipa shilingi 292 kwa uniti, ambazo zikijumlishwa na kodi na tozo hufika karibu 356. Bei isiyopanda kwa muda wote huo, wakati kila kitu kingine kimepanda, kwa hakika imekwisha kushuka, ingawa hakuna aliyeisherehekea. Nayo haiwezi kulaumiwa kwa ughali wa unga, wala kuishusha kidogo hakuwezi kuushusha unga huo, maadamu lori la Sumbawanga bado linakwenda kwa dizeli.

Je, umeme hauna athari katika uchumi? Hasha. Athari yake ni kubwa, ila haimo katika bei iliyoandikwa kwenye mita. Imo katika saa ambazo umeme haupo. Mfano ulio wazi kuliko yote uko Unguja. Mwezi Mei 2008 waya wa chini ya bahari utokao bara ulipoharibika, kisiwa kizima kilikaa yapata wiki nne bila umeme, na mwishoni mwa mwaka 2009 balaa hilo likarudi na kudumu miezi mitatu. Mtaalamu wa uchumi Alfredo Burlando alipoichunguza ile ya kwanza aliona kwamba mapato ya watu ambao kazi zao hutegemea umeme yalipungua, na, jambo ambalo wengi hawakulitarajia, kwamba watoto waliozaliwa miezi kadhaa baadaye walikuwa na uzito mdogo kuliko wenzao. Fundi cherehani, mwenye saluni, mwuza samaki wa friji, wote walikosa riziki mwezi mmoja, na upungufu huo ukaonekana katika mizani ya kliniki. Hakuna bei ya uniti, hata ingekuwa ya juu namna gani, iliyowahi kufanya hivyo.

Hesabu ya jenereta husema neno lile lile kwa lugha ya biashara. Lita moja ya dizeli katika jenereta ya wastani hutoa uniti tatu hivi. Lita ikiuzwa shilingi 2,700, kila uniti huwa shilingi 900 kabla hujahesabu bei ya mashine, mafuta ya injini na fundi. Mwenye kiwanda kidogo anayekatiwa umeme saa tatu kwa siku, basi, hanunui umeme wa shilingi 356; ananunua mchanganyiko wa 356 na 900, na mchanganyiko huo ndio umpao bei ya mabati yake.

Hoja ya wanaotaka bei ishuke

Wanaotaka bei ishuke wana hoja yenye nguvu kuliko inavyosemwa mitaani. Mitaani husemwa kwamba maji ni bure, na hilo si kweli, kwa sababu bwawa lina saruji, chuma na watu, na trilioni 6.5 hazikuanguka na mvua. Lakini ndani ya kauli hiyo mna ukweli wa kiuchumi: baada ya bwawa kujengwa, uniti moja ya ziada haigharimu takriban chochote, na mtambo unaokaa bure haulipi deni la mtu. Ukiushusha umeme bei, watu wataununua zaidi, gharama ile ile ya bwawa itagawanywa juu ya uniti nyingi zaidi, na shirika halitapata hasara. Viwanda vya saruji na vya nondo, ambavyo umeme ni sehemu kubwa ya gharama zao, vitaweza kushindana. Na kila mahali ambapo umeme unachukua nafasi ya dizeli, nchi huokoa dola. Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kisha Dodoma, ni ushahidi wa kutosha: safari iliyokuwa ikinunuliwa Uarabuni kwa mapipa sasa inanunuliwa Rufiji.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inachukulia kuwa mteja anazuiwa na bei. Wengi hawazuiwi na bei. Wanazuiwa na transfoma iliyozidiwa, na nguzo iliyooza, na kukatika kwa umeme kila wingu litandapo, na gharama ya kuunganishwa, ambayo mijini tangu Januari 2022 ni shilingi 320,960. Huyo mwenye kiwanda ukimpunguzia bei kwa asilimia kumi, atashukuru, lakini hataliuza jenereta lake.

Hoja ya wanaotaka ibaki

Upande wa pili wapo wasemao kwamba bei ibaki ilipo, na wachache wenye ujasiri husema ipande. Hujja yao ni kwamba uzalishaji ni hatua ya kwanza tu. Baada yake kuna njia kuu za kusafirisha, vituo vya kupozea umeme, na mtandao wa usambazaji, ambao katika miji mingi ni wa enzi za watu wachache. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme hupotea njiani kabla ya kumfikia mteja. Waya umefikishwa katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na hiyo ni kazi ya kusifiwa. Ila waya uliofika ofisi ya kijiji haujafika nyumbani, na kuufikisha huko kunataka fedha ambazo bei iliyoganda haizitoi.

Waongeza pia tahadhari ya ukame, na hawakosei. Zambia, iliyojenga umeme wake karibu wote juu ya maji, ilifikwa na ukame mwaka 2024, bwawa la Kariba likashuka, na watu wa Lusaka wakakaa saa nyingi mno za siku bila umeme, wakati mwingine zaidi ya saa ishirini. Rufiji ina neema ya Kilombero, mto usiochoka upesi kama Ruaha. Walakini mitambo ya gesi ya Kinyerezi lazima itunzwe hata ikiwa haina kazi, na mtambo unaotunzwa bila kazi hula fedha.

Kasoro ya hoja hii haiko katika hesabu zake. Iko katika historia ya wanaoitoa. Mwananchi aliyelipia IPTL kwa miaka mingi ana haki ya kuuliza: fedha itakayobaki kwa sababu bei haikushuka, itakuwa waya kweli, au itayeyuka? Mpaka leo jibu lake halijawekwa mahali anapoweza kulisoma.

Kuhusu umeme wa Ethiopia

Swali la Ethiopia ni jepesi kuliko linavyoonekana. Umeme haubebwi kwa gunia. Unasafiri katika waya, na kila kilomita humega kidogo. Kutoka Rufiji hadi Arusha ni mbali, njia zake zinazunguka, na hasara yake, kwa maelezo ya serikali yenyewe, ni mabilioni ya shilingi kila mwaka. Kenya imekuwa ikinunua megawati 200 za Ethiopia tangu Novemba 2022 kwa bei ya senti 6.5 za dola kwa uniti, na waya mkubwa unaounganisha Kenya na Singida umekwisha kuwashwa. Tena jambo hili si geni: Kagera imetumia umeme wa Uganda miaka mingi, na Sumbawanga wa Zambia, bila mtu kuona kwamba taifa limefedheheka.

Lililo zito ni kwamba ununuzi huo hulipwa kwa dola, na mwaka 2023 ulitufundisha dola zikiadimika inakuwaje, vituo vya mafuta vilipokauka katika baadhi ya mikoa. Waya huo, hata hivyo, una pande mbili. Wenye kununua saa ya jioni wanaweza kuuza usiku wa manane, na bwawa lenye maji ya kutosha ni ghala ambalo majirani watalilipia. Hoja ya haki kwa serikali, basi, haikuwa kwa nini inunue. Ilikuwa kwa nini haikueleza itauza nini.

Ruzuku ya mafuta

Tumesema kwamba unga hufuata dizeli, na kwa hiyo wapo wanaoona kwamba fedha ya nafuu ingepelekwa huko. Imewahi kupelekwa. Vita vya Ukraine vilipolipandisha pipa la mafuta juu ya dola 120 mwezi Machi 2022, serikali ya Tanzania ilianza mwezi Juni kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, na hata hivyo petroli ya Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,400 mwezi Agosti. Kenya nayo ilitoa ruzuku, kisha Septemba 2022 serikali mpya ikaiondoa ya petroli, na lita ikaruka Nairobi kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 usiku mmoja.

Ruzuku ya mafuta humfikia mwenye gari mara nyingi zaidi kuliko mwenye miguu, na hiyo ni taksiri yake kubwa. Lakini ya dizeli, ikiwa ya miezi michache, ina utetezi, kwa kuwa huzuia bei za chakula zisipande ngazi ambayo hazitaishuka tena. Ikizidi hapo ni deni. Na bei za mafuta zikichezewa kwa kodi, hadhari ni lazima: mwaka 2011 Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, uchakachuaji ukapungua sana, na gharama ya ushindi huo ikalipwa na nyumba zilizosomeshea watoto kwa koroboi.

Mizani

Ukizipima hoja hizi, punguzo la jumla kwa wateja wote ndilo lenye faida ndogo kuliko yote, kwa sababu linatawanya fedha kwa asiyeihitaji na halimwondolei jenereta anayeumia. Shilingi ile ile ikitiwa katika transfoma na njia za kusafirisha humshushia mwenye kiwanda bei yake ya kweli, yaani ule mchanganyiko wa 356 na 900, kwa kiasi ambacho punguzo lolote la LUKU haliwezi kufikia. Bei ibaki, basi, ila kwa sharti: TANESCO itangaze kila mwezi, kwa kila wilaya, saa ambazo umeme ulikatika, kama EWURA inavyotangaza bei ya petroli, ili anayelipa aone anachokilipia.

Ibaki, lakini si kwa kila mtu wala si kwa kila saa. Jambo la kwanza ni saa: mahitaji hufika kilele kati ya saa moja na saa nne usiku, kisha hushuka. Baada ya hapo maji husubiri. Kiwanda kinachokubali kusaga klinka ya saruji usiku wa manane kinastahili bei ya chini, na mwenye hasara hapo hayupo.

Jambo la pili ni jiko, nalo ndilo lililosahauliwa zaidi. Sehemu kubwa kabisa ya nishati inayotumika nchini si umeme wala petroli, ni kuni na mkaa, na serikali imejiwekea lengo la kuwa na asilimia 80 ya watu wanaopika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Sufuria la umeme la presha huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na kwa bei za mjini mkaa haushindani nalo. Lakini tazama jinsi bei zilivyopangwa mwaka 2016: mteja mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka afike uniti 75 kwa mwezi, na ile ya 76 hutozwa shilingi 350. Mama wa nyumba anayeacha mkaa akaanza kupika kwa umeme huuvuka mpaka huo kabla mwezi haujesha, na akiendelea kuuvuka huondolewa katika daraja la wateja wadogo na kuingizwa katika lile la 292, ambako hata taa yake, aliyokuwa akiiwasha kwa 100, inamgharimu karibu mara tatu. Kanuni iliyokusudiwa kumlinda ndiyo inayomrudisha kwenye gunia la mkaa.

Mpaka huo uliwekwa wakati umeme ni haba, na wakati huo ulikuwa na insafu yake, kwa kuwa uniti iliyoliwa na mmoja ilinyimwa mwingine. Leo kilicho haba ni waya. Kuuinua mpaka kutoka 75 hadi mahali ambapo nyumba ndogo inaweza kupika milo miwili kwa siku kutapunguza mapato ya shirika kwa wateja ambao tayari wananunua kidogo, na hakutalitaka bwawa tone moja lisilokuwamo. Ila kutalemea transfoma za mitaa saa ile ile ya jioni ambayo kila mtu anapika, na ndiyo maana kazi hizi mbili, ya kuinua mpaka na ya kubadilisha transfoma, haziwezi kutenganishwa: mtaa uliokwisha kubadilishiwa transfoma uinuliwe mpaka wake mwezi unaofuata, na ule ambao bado usubiri zamu yake, huku tarehe ya zamu hiyo ikibandikwa ofisi ya serikali ya mtaa.